Wake za wananchi wasingoje operesheni



Nina dukuduku kuhusu wageni waliooana na wananchi huku mipakani.

Mwezi Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa mkoani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili wawe wameondoka. Sipingi agizo hilo. Ujambazi wa silaha ulikuwa umetuchosha, na kila nchi ina haki ya kujua nani anaishi ndani yake. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni hapa Ngara.

Siku moja alikuja shuleni mama mmoja, mzaliwa wa Rwanda, ambaye mumewe ni mkulima wa kijiji hiki hiki. Alikuwa amezunguka tangu asubuhi akilipa madeni madogo madogo na kurudisha ungo na sufuria za majirani. Kwangu alileta kitabu cha Hisabati cha binti yake wa darasa la tano. Nikamwambia, "Mama, mwache mtoto akae nacho." Akakataa. Alisema kina muhuri wa shule, naye hataki kukutwa pale Rusumo na mali ya serikali. Akanishika mkono, akaenda. Mumewe alimsindikiza hadi barabarani akarudi peke yake.

Jumatatu niliita majina, nikakwama. Amehama? Uhamisho una fomu yake na shule ya kumpokea. Nikaandika mtoro, na hadi leo naona haya, maana mtoto huyo baba yake ni Mtanzania na kwa hiyo naye ni raia.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mwanamke aliyeolewa na raia kuomba uraia. Ni wangapi vijijini wanaolijua hilo? Mimi mwenyewe, na cheti changu cha ualimu, sikulijua siku ile. Wala serikali yetu si ngumu katika mambo haya. Mwaka 2014 iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao.

Ninaloomba ni kwamba maofisa wa Uhamiaji wafike kwenye mikutano ya vijiji vya mpakani wakati ambapo hakuna operesheni, waeleze sheria hiyo na waje na fomu. Na ikitolewa amri nyingine, mke wa raia apewe muda wa kusikilizwa kabla hajaanza kurudisha vyombo vya watu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ngara, Kagera.