Jino la Skurubu Nalo Hutaka Kutunzwa



Habari za jino la kupandikizwa zimefika vijijini. Mtu akirudi kutoka mjini husimulia kwamba aliyeng'oka jino anaweza kutiwa jino jingine lisilotoka. Husimulia pia kwamba siku hizi jino hilo lina uso maalumu, hushika haraka, na hudumu maisha yote.

Gharama yake ni kubwa. Wapo walio tayari kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili walipate. Kwa hiyo yafaa tujue ukweli kabla ya ng'ombe kutoka zizini.

Maoni yangu ni haya. Jino la kupandikizwa ni kitu kizuri, na uso wake maalumu una faida ya kweli. Lakini uso huo peke yake haulifanyi jino lidumu. Jino hudumu kwa usafi wa kila siku, na kwa kukaguliwa na daktari mwaka hadi mwaka. Mtu asiyeweza kupata mambo hayo mawili asiuze ng'ombe wake.

JINO HILI NI NINI?

Jino la kuzaliwa lina sehemu mbili. Sehemu moja tunaiona. Sehemu ya pili ni mzizi, nao umo ndani ya mfupa wa taya.

Jino la kupandikizwa nalo lina mzizi. Mzizi wake ni skurubu ndogo ya madini yaitwayo titaniamu. Daktari hutoboa mfupa wa taya na kuikaza skurubu humo. Mfupa ukisha kuishika, jino la bandia huwekwa juu yake. Jino hili si kama meno ya bandia ya kuvua usiku na kuvaa asubuhi. Hili hukaa kinywani siku zote.

LILIANZAJE?

Mwaka 1952, katika nchi ya Swideni, mtaalamu Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mifupa ya sungura. Alitia kifaa kidogo cha titaniamu ndani ya mfupa ili aone jinsi damu inavyopita. Kazi ilipokwisha alitaka kukitoa kifaa chake. Hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika, kama mti unavyoota na kukumbatia msumari.

Mwaka 1965, katika mji wa Göteborg, alimpandikizia mtu wa kwanza. Mtu huyo aliitwa Gösta Larsson. Larsson alizitumia skurubu zake mpaka alipofariki mwaka 2006. Hiyo ni zaidi ya miaka 40.

Tukumbuke jambo moja. Skurubu za Larsson hazikuwa na uso maalumu. Uso wake ulikuwa laini, kama ulivyotoka kwenye mashine. Hata hivyo zilidumu.

USO WA KUKWARUZA

Fundi mwashi anajua kwamba plasta haishiki vizuri juu ya ukuta laini. Kwanza huuchongachonga ukuta, ndipo hupiga plasta. Mfupa nao hupenda kushika mahali penye kukwaruza.

Skurubu laini zilitaka kungojwa sana. Katika taya la chini mgonjwa alingoja miezi 3 au 4. Katika taya la juu alingoja kama miezi 6. Tena mfupa wa taya la juu ni mwororo, na huko skurubu nyingi zaidi zililegea. Taarifa ya mwaka 1981 kutoka Göteborg ilieleza hali ya skurubu baada ya miaka 5 hadi 9. Kati ya kila skurubu 100 za taya la chini, 91 zilikuwa bado imara. Kati ya 100 za taya la juu, zilizokuwa imara ni 81.

Ndipo wataalamu wakaanza kuukwaruza uso wa skurubu. Njia moja inayojulikana sana ilitoka Uswisi katika miaka ya 1990. Skurubu hupigwa chembe ngumu kama mchanga kwa nguvu ya upepo. Kisha hutiwa katika tindikali kali. Hubaki na vishimo vidogo sana ambavyo hatuvioni kwa macho. Damu huganda katika vishimo hivyo, kisha mfupa huota na kujishikiza humo. Muda wa kungoja ulipungua hadi kama wiki 6, mahali ambapo mfupa ni mzuri.

Je, skurubu hizi zimedumu? Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walitoa taarifa yao. Walikagua skurubu 511 za aina hiyo, baada ya miaka 10. Zilizopotea zilikuwa 6 tu. Hayo ni matokeo mazuri sana. Anayesema kwamba uso huo ni uongo wa wafanyabiashara anakosea.

HESABU YA PILI

Lakini tusisome hesabu moja na kufunga daftari. Huko Bern kazi ilifanywa na mabingwa wa chuo kikuu. Yafaa tutazame pia kazi za madaktari wengi wa kawaida, na wagonjwa wa kila namna.

Hesabu hiyo ilifanywa Swideni, na taarifa zake zilitoka mwaka 2015 na 2016. Watu 596 walikaguliwa baada ya kama miaka 9. Kati ya kila watu 100, watu 7 au 8 walikuwa wamepoteza angalau skurubu moja. Tena, kati ya kila watu 100, kama 14 walikuwa na ugonjwa mkubwa uliokuwa ukiula mfupa pembeni mwa skurubu.

Wengi wa wagonjwa hao skurubu zao zilikuwa bado zimesimama. Mtu angewatazama wakicheka, angesema meno yao ni mazima. Nyumba iliyoingia mchwa nayo husimama kwa muda. Kwa hiyo tukisikia kwamba jino limedumu miaka 10, tuulize pia kama mfupa wake ni mzima.

KWA NINI HUUGUA?

Skurubu haiozi wala haitoboki. Kinachougua ni ufizi na mfupa unaoizunguka.

Mtu asipopiga mswaki vizuri, utando wa uchafu wenye vijidudu huganda pembeni mwa jino. Ufizi huvimba na kutoa damu. Baadaye mfupa huanza kuliwa, na skurubu hubaki wazi kidogo kidogo. Hapo ule uso wa kukwaruza huleta shida. Vishimo vilivyoushika mfupa sasa vinashika uchafu. Hata daktari hupata taabu kuvisafisha.

Liko jambo jingine la hatari. Jino la kuzaliwa lina mshipa wa fahamu, na likiharibika hutuuma usiku kucha. Skurubu haina mshipa huo. Mara nyingi ugonjwa huendelea bila maumivu, mpaka siku skurubu inapolegea. Ndiyo maana kukaguliwa na daktari ni lazima, hata kama mtu haumwi.

Walio katika hatari zaidi ni hawa:

1. Mtu ambaye meno yake ya kwanza yalitoka kwa ugonjwa wa fizi.
2. Mtu asiyesafisha meno yake kila siku.
3. Mtu anayevuta sigara.
4. Mtu mwenye kisukari ambacho hakijatulizwa kwa matibabu.

JE, WANAKIJIJI WASIPATE?

Huenda msomaji mmoja akasema, "Huyu anataka vitu vizuri vibaki kwa watu wa mjini." Sivyo. Mkulima anastahili kutafuna vizuri kama mtu mwingine yeyote. Lakini anayemwuzia mkulima skurubu bila kumwonyesha mahali pa kuikagua amemwuzia nusu ya kitu. Pampu ya maji ikifungwa kijijini bila fundi wala vipuri, tunajua mwisho wake. Siku ya kuizindua watu hushangilia, na baadaye hurudi mtoni na ndoo zao.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa fedha, mwulize daktari maswali haya:

1. Je, fizi zangu ni nzima sasa? Kama zinaumwa, zitatibiwa kwanza?
2. Skurubu hii ni ya aina gani? Nitapewa karatasi yenye jina lake na namba yake?
3. Nitarudi kukaguliwa mara ngapi kwa mwaka, na gharama yake ni kiasi gani?
4. Ikilegea baada ya miaka 5, nani ataishughulikia?
5. Meno ya bandia ya kuvua na kuvaa hayanifai? Bei yake ikoje?

Daktari mwema hatakasirika kuulizwa. Akikujibu kwamba halihitaji kutunzwa kabisa, vaa viatu vyako urudi nyumbani.

MENO TULIYO NAYO

Hakuna mzizi uliotengenezwa na mtu ambao ni bora kuliko mzizi wa kuzaliwa ulio mzima. Tupige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Tupunguze vitu vya sukari, hasa kwa watoto. Fizi zikitoa damu, twende zahanati mapema. Jino likitoboka, tuulize kama linaweza kuzibwa kabla ya kuomba ling'olewe.

Na yule ambaye tayari ana jino la kupandikizwa asiogope. Alisafishe kila siku, hasa pale linapokutana na ufizi. Aache sigara. Arudi kwa daktari kila mwaka. Larsson alitafuna kwa skurubu laini zaidi ya miaka 40. Mwenye skurubu ya uso wa kukwaruza naye anaweza kukaa na jino lake miaka mingi, akilitunza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Uso wa kukwaruza una faida gani? Una hatari gani?
2. Kwa nini kusimama kwa jino si dalili ya uzima?
3. Kutoka kijijini kwetu hadi kwa daktari wa meno ni mwendo gani? Tunaweza kwenda huko kila mwaka?