Hesabu Kwanza, Jembe Baadaye

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili husikika sana madukani, lakini ni nadra kusikika msituni au kando ya mto. Hata hivyo, msitu ni mali, mto ni mali, na wanyama wa porini ni mali pia. Navyo hupotea kwa njia ile ile ipoteayo fedha ya mwenye duka asiyeandika.

Ushahidi wa jambo hili uko katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Humo mna mnyama aitwaye korongo, wa jamii ya swala wakubwa, mwenye uso wa weusi na weupe, masikio marefu, na pembe zilizopinda kuelekea nyuma. Zamani korongo walionekana mahali pengi katika Kenya. Mwaka 1966 sehemu ya bonde hilo ilitengwa kuwa hifadhi, na mwaka 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita za mraba 120. Lakini wanyama wa nchi nzima walipohesabiwa mwaka 2021, korongo waliopatikana walikuwa 15 tu, na wote walikuwa Ruma.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa mahali palikwisha kutengwa, mbona wanyama wamepungua? Jibu ni kwamba kutenga mahali ni mwanzo wa kazi, wala si mwisho wake. Kwa miaka mingi mbung'o na ugonjwa wa malale viliwazuia watu kukaa kwa wingi bondeni. Mbung'o walipopigwa vita, jambo lililokuwa jema kwa watu na ng'ombe, mashamba yalisogea karibu na nyika. Mitego ya nyaya ilitegwa, na wanyama wakali nao waliwala ndama. Adui hawa si wa namna moja, wala dawa yao si moja. Asiyemwandika kila mmoja kwa jina lake hupigana gizani. Ndiyo sababu ndani ya Ruma pametengwa sehemu yenye ua wa pekee, ili korongo wapate kuzaana kwa salama, na idadi yao ijulikane.

Mwaka 2004 ushirika wa vyama vya kuhifadhi viumbe ulitoa mwongozo wa kupanga kazi za namna hii, na baadaye ikatengenezwa programu ya kompyuta ya kuufuata. Programu hiyo huitwa Miradi, jina lililochukuliwa katika Kiswahili. Itakuwa ajabu wageni wakilitumia neno hilo kwa utaratibu, na wenye lugha wakianza miradi yao bila mpango.

Mafundisho yake, yakiondolewa mapambo, ni maswali matano. Ni kitu gani kinacholindwa? Ni nini kinachokidhuru, na chanzo chake ni nini? Kinatakiwa kiwe katika hali gani, na kufikia tarehe gani? Nani atafanya lipi, na kwa fedha zipi? Na mwisho, itajulikanaje kwamba kazi imefaa?

Chukua mfano wa kijiji chenye chemchemi inayofifia, katika miteremko ya Gwassi au juu ya Mto Kuja kule Migori. Kikundi kikitangaza kwamba kitapanda miche 5,000, kimetaja kazi, hakijataja mafanikio. Tena, kikipanda mikaratusi kando ya maji kwa kuwa hukua upesi, miti hiyo itakunywa yale maji yaliyokusudiwa kulindwa, na kijiji kitakuwa kimefanya bidii ya kujikausha. Lakini kikundi kilichojibu maswali yale matano kitasema hivi: chemchemi hii itoe maji ya kutosha wakati wa kiangazi, na baada ya miaka mitatu isipungue kuliko ilivyo leo.

Vyombo vya kupimia havihitaji mali nyingi. Ndoo ya lita 20 na saa vyatosha kupima nguvu ya chemchemi: huandikwa ndoo imejaa kwa sekunde ngapi, siku ile ile ya kila mwezi. Fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi A, pamoja na uzi na jiwe, huonyesha mstari ulio sawa mlimani, ili makingamaji yachimbwe mahali pake na udongo usichukuliwe mpaka ziwani. Ramani za serikali za kipimo cha 1 kwa 50,000 huonyesha vilima na vijito. Mwenye simu ya kisasa aweza kuandika mahali hasa pa kila mti. Tena picha za Landsat, zilizoanza kupigwa kutoka angani mwaka 1972, hutolewa bure tangu mwaka 2008. Nazo huonyesha mahali palipokuwa msitu na sasa ni uwanda.

Yafaa pia kuulizwa wazee, kwa maana wao hukumbuka kijito kilifika wapi kabla ya ramani kuchorwa. Na mlango wa ofisi usiogopwe. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 huwaruhusu wananchi kuunda chama na kushirikiana na serikali katika kutunza msitu, na fukweni kuna vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi. Lakini ofisa atakayeletewa daftari lenye hesabu za miezi 12 atasaidia upesi kuliko yule atakayeletewa malalamiko matupu.

Katika Kaunti ya Migori zimesimama kuta za Thimlich Ohinga, zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Zilijengwa kwa mawe matupu bila udongo wala saruji, na kila jiwe hushikwa na jirani yake. Huenda waliozijenga walifikiri kwanza kuhusu mahali pa kila jiwe, ndipo wakainua. Mwenye chemchemi na afanye vivyo hivyo. Kiangazi kijacho kisimkute angali akikisia. Kimkute ameshika ndoo, saa na daftari.