Tuuguzane Kabla ya Kuzikana

Katika miji na vijiji vyetu msiba una taratibu zake, na kila mtu anazijua. Habari ya kifo ikitangazwa, daftari la michango hufunguliwa papo hapo. Baada ya saa chache sanda imenunuliwa, kaburi limechimbwa, nauli za ndugu wa mbali zimepatikana na chakula cha wafiwa kipo jikoni. Hakuna anayeuliza marehemu aliacha akiba kiasi gani. Hili ni jambo jema, wala haifai mtu kulibeza. Lakini ndugu zangu, tujiulize: marehemu huyo alipokuwa kitandani miezi mitatu, akihitaji vipimo na dawa, daftari lile lilikuwa wapi?

Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza katika hospitali za Serikali ya Tanzania mwaka 1993, mgonjwa asiye na bima hulazimika kulipa fedha taslimu. Homa ya siku mbili familia huimudu. Balaa huja pale ugonjwa unapokuwa wa saratani, wa moyo au wa figo. Aliyeshindwa na figo huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, karibu saa 4 kila mara, na wiki ijayo vilevile. Basi huuzwa ng'ombe, kisha cherehani, kisha shamba. Mgonjwa anapofariki, watoto wake hubaki na msiba na ufukara kwa pamoja.

Sehemu kubwa ya mateso haya hutokana na kutojua njia. Wako wanaompeleka mgonjwa moja kwa moja kwenye hospitali kubwa ya binafsi, fedha zikawaishia kwenye vipimo kabla tiba haijaanza. Wengine huanza kuchangisha safari ya India bila kuuliza kama tiba hiyo ipo nchini, ilhali saratani hutibiwa Ocean Road na Bugando, moyo hupasuliwa katika Taasisi ya Jakaya Kikwete, na upandikizaji wa figo umefanyika Muhimbili tangu mwaka 2017. Njia iliyonyooka huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya, ikapanda kwa barua ya rufaa hadi wilaya, mkoa na kanda.

Aidha, wengi hawajui kwamba sera ya afya inaweka msamaha wa malipo kwa watoto walio chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu na ukoma. Asiyekuwa katika makundi hayo, lakini hana kitu, anaweza kuomba msamaha kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa wake. Ofisi hiyo iendewe mapema, kabla deni halijawa mlima. Kuomba haki iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge si aibu. Aibu ni yetu tulio na afya, tunaomwacha mzee asiyejua kusoma azunguke peke yake kutoka dirisha hadi dirisha.

Ama kuhusu bima, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wapo wanaosema: nitajiunga nikiugua. Je, ni nani aliyewahi kujiunga na chama cha kuzikana siku baba yake alipofariki, akadai mazishi? Mfuko wa bima huishi kwa michango ya wazima. Kila mtu akingoja mpaka augue, mfuko utabaki na wagonjwa watupu na hautakuwa na cha kuwalipia.

Wengine watasema kuwa kutibu wananchi ni wajibu wa Serikali. Ni kweli, na tuendelee kuidai. Lakini uvimbe hausubiri bajeti.

Kwa hiyo tunashauri kila msikiti ufanye mambo matatu. Kwanza, iteuliwe kamati ndogo ya watu waaminifu wanaojua taratibu za hospitali, ili mgonjwa asiye na kadi asindikizwe tangu barua ya mtendaji hadi rufaa. Pili, kiwepo kisanduku cha wagonjwa, hesabu yake isomwe hadharani kila mwezi, na siri ya mgonjwa itunzwe. Tatu, wenye uwezo wazilipie bima kaya maskini za jirani wakati zingali na afya.

Kumtembelea mgonjwa ni ibada tuliyoamrishwa. Lakini tukimkuta hana dawa, tukamwombea dua na kuondoka na mifuko iliyofungwa, ziara yetu imepungua. Tuna vyama vya kuzikana. Sasa tuwe na vyama vya kuuguzana. Shilingi ile ile inayonunua pilau ya matanga, ikitangulia mwezi mmoja, huenda ikamrudisha mtu kwa watoto wake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie mikono myepesi wangali hai. Amin.