Kahawa Yetu na Mnywaji wa Mbali

Swali lisikikalo mara nyingi katika mikutano ya vyama vya ushirika huko Bungoma ni hili: mbona viwanda viwili vilivyo kwenye mteremko mmoja wa Mlima Elgon, vyenye udongo uleule na mvua ileile, hulipwa bei mbalimbali? Wengi hudhani pana hila. Hila zimepata kuwako katika biashara ya kahawa, wala sizikani. Lakini mara nyingi sababu imo ndani ya kikombe ambacho mkulima mwenyewe hajapata kukionja.

Kahawa ya Kenya huuzwa kwa mafungu katika mnada wa Nairobi. Kwanza punje huchekechwa kwa ukubwa: zilizo kubwa huitwa AA, zinazofuata AB, na zile za mviringo, ambazo kila moja ilikua peke yake ndani ya tunda, huitwa PB. Watu hufikiri AA maana yake ni kahawa tamu kuliko zote. Sivyo. Herufi hizo zapima umbo tu. Utamu hupimwa na waonjaji, ambao hukaanga punje kidogo, huzisaga, huzimwagia maji ya moto, hungoja dakika kama nne, kisha huchota kwa kijiko na kufyonza kwa kishindo kabla ya kutema. Mtoto wa Kibukusu akinywa uji hivyo mbele ya wageni atakaripiwa na mama yake. Lakini kwa watu hawa ndiyo kazi, kwa sababu hewa ivutwayo pamoja na kahawa huipandisha harufu puani.

Wanunuzi wa Ujerumani na wa kaskazini ya Ulaya huipenda kahawa ya Kenya kwa uchachu wake safi, mfano wa tunda lililoiva vema, nao huitia katika kahawa dhaifu za nchi nyingine ili kuzichangamsha. Ladha za walimwengu si moja, bila shaka. Waitaliano wengi hutaka kikombe kizito chenye povu, hata huongeza robusta ya Uganda. Waarabu wa Ghuba huikaanga kidogo tu na kuitia iliki. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu huinywa chungu, yenye tangawizi, kutoka katika dele la shaba. Lakini katika wote hao hayuko atakaye ladha ya kitu kibichi, wala ya kitu kilichooza.

Na hapo ndipo mazoea ya mahindi yanapotudhuru. Mtu wa Kitale huvuna shamba lake la mahindi lote kwa mara moja, kwa kuwa limekauka lote pamoja. Mbuni haufanyi hivyo. Katika tawi moja utaona tunda jekundu, la manjano na la kijani, na hapana budi kurudi kwenye mti uleule kila baada ya siku 10 hadi 14. Mwenye haraka hukwanyua yote. Tunda bichi halijajaa sukari, nalo huleta ukakasi kikombeni. Tunda jekundu nalo, likilala katika gunia hadi kesho yake, hupata joto na kuanza kuchacha kabla ya kufika kiwandani. Hata punje moja iliyokwama katika mashine ya kuambua tangu jana, ikaoza, ikaponyoka leo, yaweza kuharibu kikombe kizima cha mwonjaji.

Kiwandani mazao ya wanachama wote huchanganywa. Basi aliyechagua matunda yake tangu alfajiri hulipwa bei ileile ya jirani aliyekwanyua, nayo ni bei ya chini. Karani wa mizani asiyekubali kurudisha kikapu kibaya kwa kuwa ni cha shemeji yake anakata karo za watoto wa watu.

Kulikuwa na wakati ambapo hakuna aliyejali mambo haya. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975, bei ya dunia ilipanda mno. Kahawa ya Uganda, ambako wakulima walilipwa kidogo chini ya serikali ya Idi Amin, ikavuka mpaka kwa magendo hadi soko la Chepkube. Nani angeuliza rangi ya tunda siku zile? Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyopanga kiasi cha kuuzwa na kila nchi yalivunjika, bei ikaanguka, na wengi wakang'oa mibuni. Kenya ilipata zaidi ya tani 120,000 msimu wa 1987/88. Siku hizi hupata chini ya nusu ya hizo.

Ningependa mkulima ajaribu jambo moja. Achukue vibaba viwili vya matunda, kimoja chekundu kitupu, cha pili kilichochanganywa na mabichi. Aambue kwa mkono, aache ute ulainike hadi kesho yake, aoshe, aanike mbalimbali mpaka punje zikauke kabisa. Atwange, apepete maganda, akaange katika chungu huku akikoroga, kisha asage na kumimina maji ya moto, bila maziwa wala sukari. Sisi ni watu wa chai, najua. Avumilie siku moja. Halafu amwite jirani apelekaye matunda kiwanda kilekile, ampe vikombe vyote viwili, asimwambie kipi ni kipi.