Mwavuli wa Borobudur

Mwezi wa Septemba 2024 Serikali ya Indonesia iliahirisha mpango wa kuweka mwavuli wa mawe juu ya kilele cha Borobudur, hekalu kubwa la Kibuddha lililoko katika kisiwa cha Java. Uamuzi huo tunauunga mkono, ingawa twaelewa masikitiko ya waumini walioungoja mwavuli huo kwa hamu.

Madai yao si ya upuuzi. Stupa, jengo takatifu la Wabuddha, asili yake ni tuta la kaburi huko Bara Hindi. Mapokeo yasema kwamba mwili wa Buddha ulipokwisha kuchomwa, masalio yake yaligawanywa mafungu manane, na kila fungu likajengewa tuta lake. Juu ya kuba husimamishwa mlingoti wenye miavuli, kwa kuwa mwavuli ulikuwa alama ya enzi. Aliyeukimbia ufalme alipewa heshima ya mfalme. Nasi watu wa pwani, ambao watawala wetu wa kale walifunikwa miavuli hadharani, hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hilo.

Borobudur, hekalu la karne ya 8 na ya 9, ni fundisho zima lililopangwa kwa mawe. Chini kabisa zimechongwa tamaa za wanadamu na malipo yake, nazo karibu zote zimezibwa na mawe ya msingi. Mwenye kuhiji hupanda akizunguka ujia baada ya ujia wenye picha, hata atokee juu peupe, penye stupa 72 zenye matundu na moja kubwa katikati. Huko hakuna picha tena.

Tatizo ni ushahidi. Mholanzi Theodoor van Erp, aliyelitengeneza hekalu kati ya 1907 na 1911, aliuunda mwavuli huo, kisha akaushusha mwenyewe, maana mawe ya asili yaliyopatikana yalikuwa machache mno. Ikiwa fundi aliyeuunda aliutilia shaka, mwingine atauridhia kwa hoja gani?

Waumini wanastahili jambo jingine. Mwaka 2022 Serikali hiyo ilikubali hekalu litumiwe kwa ibada na Wabuddha wa Indonesia na wa nchi nyingine. Ahadi hiyo haihitaji jiwe hata moja jipya. Yahitaji maofisa wa utalii wawaachie mahujaji nafasi na saa za kuzunguka kwa utulivu, bila kusukumana na watazamaji.