TAMKO LA TAWI: BARUA HAIENDESHI WINCHI

Ndugu wanachama,

Kina cha maji gatini hapa Tanga kimetoka mita 3 hadi 13. Meli inafunga gatini, haisubiri tena matishari nangani. Tunafurahi, lakini baadhi ya wenzetu waliokula kwa matishari hayo sasa wako vijiweni. Tawi tumewaandikia barua za utambulisho, nyingi mno. Tukiri, barua haiendeshi winchi, wala haimfundishi mzee wa miaka 50 kujaza fomu kwenye simu.

Jumamosi saa 4 asubuhi njooni ofisini na kitambulisho cha NIDA. Tutaandikisha wanaotaka kozi fupi VETA. Ada tuipigie hesabu pamoja kwanza. Asiuze mtu baiskeli kwa ajili ya cheti. Vijana wenye simu kubwa, njooni mapema muwasaidie wazee.

Katibu wa Tawi