Picha ya simu haina koo

JICHO LA NYANDA ZA JUU
Na Tumaini Sanga

Juni imeingia na Njombe yote imevaa makoti. Huu ndio msimu ambao wenye nyumba mpya huku juu, kuanzia mjini hadi Makete, hualika watu kuja kuota moto sebuleni. Ndio msimu pia ambao wageni hao hurudi makwao macho mekundu, na koti linanuka moshi hadi lifuliwe mara mbili.

Nimekaa kwenye sebule za namna hiyo za kutosha. Kwa macho, meko hayana kasoro: marumaru nyeusi, rafu ya mbao iliyopigwa vanishi, televisheni juu yake. Lakini tazama ukuta ulio juu ya mdomo wa meko. Kuna ulimi wa masizi uliopanda kutoka kwenye lenta hadi chini ya televisheni, na mahali umefutwafutwa kwa kitambaa ukazidi kusambaa. Baada ya siku chache mwenye nyumba anachoka kuwasha. Maua ya plastiki yanawekwa mle ndani, na usiku jiko la mkaa linarudi chumbani.

Watu humlaumu fundi. Mimi nalaumu picha. Siku hizi mteja anafika saiti na simu mkononi: fundi, nataka kama hii. Picha inaonyesha uso wa meko. Haionyeshi koo, ule mwanya mwembamba wa kupitishia moshi uliojificha juu ya lenta, wala dohani inavyopanda ndani ya ukuta hadi kupita paa. Fundi hataki kuonekana hajui, kazi isije ikaenda kwa mwingine. Anajenga anachokiona, kisha juu yake anachomeka bomba la bati la inchi sita.

Tupige hesabu. Mdomo wa meko wenye upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 75 una eneo la sentimita za mraba 6,750. Kanuni ya waashi ni kwamba tundu la dohani ya mraba lisipungue sehemu moja ya kumi ya mdomo huo. Likiwa la duara, sehemu moja ya kumi na mbili inatosha, kwa kuwa moshi hupita kwa urahisi pasipo na pembe. Kwa hiyo tunahitaji tundu la mraba la sentimita 26 kwa 26, au bomba la duara lenye kipenyo cha sentimita 27. Bomba la inchi sita lina eneo la sentimita za mraba 180 hivi, chini ya theluthi moja ya linalotakiwa. Moshi uliobaki utaenda wapi kama si sebuleni?

Bomba nene peke yake halitoshi. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts aliyekuja kujulikana kama Count Rumford, aliandika juu ya meko yanayomwaga moshi chumbani mwaka 1796, wakati London ilipokuwa ikikohoa kwa sababu ya meko mapana yenye matundu makubwa kupita kiasi. Dawa yake ilikuwa rahisi, na hadi leo inafanya kazi: punguza kina cha meko, panua kuta za pembeni zitazame chumbani ili zirushe joto kwa watu, kisha bana koo libaki na kina cha inchi nne hivi. Kwa mdomo wetu wa sentimita 90, ukuta wa nyuma unakuwa na upana wa 30, kina 30, na kila upande unafunguka kwa mshazari ukiongeza upana wa 30 nyingine. Fundi mwenye rula na uzi anamaliza kupima kabla chai haijapoa. (Waingereza walikuwa na meko mengi kiasi kwamba kuanzia 1662 hadi 1689 serikali yao ilitoza kila moja shilingi mbili kwa mwaka. Naliandika hili kwa sauti ya chini, halmashauri zisije zikasikia.)

Koo hilo linawekwa inchi nane au zaidi juu ya lenta, tena upande wa mbele. Nyuma yake inaachwa rafu ya moshi, sehemu bapa inayoupokea upepo unaoshuka kutoka juu na kuurudisha ulikotoka. Hiyo rafu ndiyo inayorukwa kila mara, kwa sababu hakuna atakayeiona.

Juu ya paa nako kuna ubahili. Dohani ipite tundu la paa kwa futi tatu angalau, na izidi kwa futi mbili kimo cha kitu chochote kilicho umbali wa ndani ya futi kumi kutoka kwake. Ukiikata fupi ili isiharibu sura ya nyumba, upepo unaovuka mgongo wa paa utausukuma moshi chini. Na nyumba zetu za sasa zimezibwa barabara, madirisha ya alumini na dari ya jipsamu. Moto unataka hewa ya kuingia. Usipoachiwa tundu dogo karibu na meko, utaivuta kupitia dohani yenyewe, na hewa hiyo itashuka na moshi wake.

Linalonitisha zaidi ni mbao. Kenchi na dari zikae mbali na ukuta wa dohani kwa inchi mbili angalau, na pengo hilo lisijazwe chochote kinachoweza kuungua. Huku kwetu kuni za bei nafuu ni mabanzi ya paini yanayotoka mbichi kwenye viwanda vya mbao. Yakiungua kabla hayajakauka huacha lami nyeusi ndani ya dohani, na lami hiyo ikikusanyika siku moja hushika moto yenyewe, karibu kabisa na hizo kenchi. Mti wa muwati uliokauka vizuri ni bora mara nyingi, na dohani isafishwe kila mwaka kabla ya baridi kuanza.

Mtu atasema haya ni mambo ya matajiri. Si kweli, maana meko mabovu yakishafungwa kinachobaki ni lile jiko la mkaa chumbani, mlango umefungwa, watoto wamelala. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliokutwa wamekufa hivyo. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na aliyelala hapati nafasi ya kukohoa. Asiye na fedha za dohani nzuri asijenge meko kabisa. Fedha hiyo inunue mablanketi, na jiko libaki nje.

Halmashauri zinapopitisha ramani huuliza choo, shimo la maji taka na umbali wa mpaka. Ziulize na dohani: tundu lake, urefu wake juu ya paa, nafasi kati yake na kenchi. Ni mistari mitatu tu kwenye fomu, lakini ingemlazimisha mchoraji kuchora kile ambacho picha ya simu haina.

Hadi siku hiyo ifike, mwenye nyumba ana silaha moja: malipo ya mwisho. Yazuie. Subiri tofali zikauke kwa wiki kadhaa, huku ukiwasha vimoto vidogo tu. Kisha mwite fundi jioni ya baridi, funga milango na madirisha, washeni moto mkubwa, mkae naye saa nzima mkinywa chai. Akianza kufikicha macho, hajamaliza kazi.